Maoni ya Nyumba Thelathini

Ukitaka kuniambia "kila mtu na maoni yake," nenda kaseme kwingine, usije kusemea kwangu. Neno hilo mimi nimelila na nimelitapika, na harufu yake bado ninayo puani. Nalijua kuliko wewe, maana ni mimi niliyelifundisha, miaka thelathini na minne, kwa chaki, kwa watoto wa watu.

Naitwa Maeng. Ni mjane wa miaka sabini na moja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilifundisha masomo yote kama walimu wote wa wakati ule, lakini somo langu hasa lilikuwa maadili. Naishi ghorofa ya nne kwenye jengo la ghorofa kumi na tano hapa jijini Daegu, Korea Kusini. Kila ghorofa ina nyumba mbili, kwa hiyo tuko nyumba thelathini, na tuna lifti moja na mlinzi mmoja, Mzee Pyo.

Mzee Pyo ana miaka sitini na nane. Kazi yake inaitwa ulinzi, lakini sijawahi kumwona akilinda kitu, hana nafasi. Hupokea vifurushi vyetu, huchambua takataka zetu, hufagia majani, hukokoa theluji, na asubuhi husukuma magari ya watu walioziba njia kisha wakaenda kulala. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu, kwa hiyo mara nne kwa mwaka hutembea kwa kunyata, asije akanyimwa mwingine. Sisi wakaaji hutuita kwa namba za milango yetu, ndivyo wanavyofanya walinzi wote. "Habari za asubuhi, 1101." "Kifurushi chako kimefika, 702." Mimi peke yangu, wa 402, aliniita mwalimu. Na mimi, mjinga mzee, nilikuwa nikivimba kichwa kila akiniita.

Mwezi wa saba, joto la Daegu likiwa limeshika kila kitu, nilishuka mchana kuchukua boksi la vitunguu saumu alilonitumia dada yangu. Kibandani hakukuwa na mtu. Nikaita.

"Nakuja, mwalimu, nakuja!" Sauti ilitoka nyuma ya kibanda, kilipo choo cha mlinzi. Mlango haukuwa umefungwa vizuri. Nikachungulia, na laiti nisingechungulia.

Sufuria ya umeme ya kupikia wali ilikuwa juu ya tangi la choo. Bakuli la kimchi, kabichi yetu ya kuchachushwa kwa pilipili, lilikuwa kwenye ukingo wa sinki, ubavuni mwa sabuni. Mzee Pyo alikuwa ameketi juu ya mfuniko wa choo, magoti yamegusa ukuta, bakuli la wali mkononi, kijiko mdomoni. Brashi ya kusugulia choo ilisimama karibu na mguu wake. Kulikuwa na harufu ya dawa ya waridi, na chini ya waridi kulikuwa na ile harufu nyingine ambayo waridi haiwezi kuifukuza.

Nikausukuma mlango.

"Mzee Pyo! Unakula chooni?"

Akasimama ghafla, akaficha bakuli mgongoni. Mtu mzima na mvi zake, anaficha wali kama kauiba. "Samahani, mwalimu. Samahani sana. Hukupaswa kuona."

"Nani kakwambia ule humu?"

"Hakuna aliyeniambia. Soketi nzuri iko humu tu." Akaona hilo halinitoshi. "Mwaka jana nilikuwa nakula kibandani. Wakaaji wakasema haipendezi, wanakuja na wageni wao wanamkuta mlinzi anatafuna nyuma ya kioo. Na mchuzi wangu wa soya unanuka mpaka kwenye lifti. Basi nikahamia huku." Akacheka kicheko cha kuomba radhi. "Nimeshazoea. Kila asubuhi nakisugua mwenyewe. Ni kisafi, mwalimu."

Ni kisafi! Neno hilo ndilo lililonimaliza. Nilibeba vitunguu vyangu nikapanda juu, na mchana ule sikugusa chakula.

Jioni nikaenda ghorofa ya kumi na mbili kwa mwenyekiti wa jengo, Tak Hyeon-u. Huyu nilimfundisha darasa la tano. Sasa ana miaka arobaini na saba, ana kitambi kidogo na sauti laini ya mtu wa bima, na akinikuta kwenye lifti huinama mpaka kiunoni, kisha huwaambia waliopo, "Huyu ndiye mwalimu wangu wa maadili." Hapo napo nilikuwa nikivimba.

"Hyeon-u," nikamwambia, "chumba cha chini, kile chenye mashine ya kukimbilia iliyokufa, kina dirisha na soketi mbili. Hakuna anayekitumia. Mpe Mzee Pyo ufunguo ale humo."

"Wazo zuri sana, mwalimu. Zuri mno." Akanimiminia chai ya shayiri kwa mikono miwili. "Lakini chumba ni cha wote. Lazima tusikie maoni ya wote."

"Maoni ya nini tena? Mtu anakula juu ya choo."

"Ndiyo, na hayo ni maoni yako, mwalimu, na yana uzito wake. Wengine nao watakuwa na yao. Tutapitisha karatasi."

Nikamaliza chai yangu. Hapa kwetu kila jambo ni karatasi. Rangi ya ukuta, karatasi. Paka wa nje walishwe au wasilishwe, karatasi. Nyumba zote thelathini zinatia saini, na jambo linakwisha bila mtu kugombana na mtu. Nilishuka nimeridhika, nikijua hakuna binadamu atakayeandika kwa mkono wake kwamba mzee wa watu ale chooni. Sikujiuliza hata kidogo karatasi hiyo hupitishwa na nani.

Kengele yangu ililia siku ya tatu, saa kumi na moja jioni. Nikafungua. Mzee Pyo alikuwa amesimama mlangoni, kofia kwapani, jasho linamtiririka shingoni, ameshika karatasi kwa mikono miwili.

"Samahani kwa usumbufu, mwalimu. Ni ile karatasi ya maoni."

"Umetumwa wewe?"

"Karatasi zote napitisha mimi."

Alikuwa ameanzia ghorofa ya kumi na tano, akagonga mlango mmoja mmoja, akiinama na kuuliza, tafadhali, unaona nile wapi? Nikaichukua. Juu iliandikwa: *Je, mlinzi aruhusiwe kulia chakula chake katika chumba cha chini?* Kisha mistari thelathini: nakubali, sikubali, sababu.

Nikasoma sababu. *Harufu itapanda na lifti.* *Leo chumba, kesho atataka kitanda.* *Nyumba zetu zitashuka thamani.* *Namheshimu sana mzee huyu, lakini hapana.* *Sina maoni.* *Sina maoni.* Mmoja alichora ua dogo pembeni ya "sikubali." Ua! Na chini kabisa, kwa mwandiko ninaoujua, Mama Se-rin wa 401, jirani yangu wa mlango kwa mlango, ambaye inaonekana alimvizia pale pale kwenye korido kabla hajabonyeza kengele yangu: *Choo kina ubaya gani? Kina mlango na kina maji.*

"Umesoma haya?" nikamuuliza.

"Sisomi, mwalimu. Wakiandika nageuka pembeni."

"Mzee Pyo."

Akatazama viatu vyake. "Nimesoma."

Nikamrudishia karatasi. "Mimi sitii saini. Hili si jambo la kutia saini. Nikiweka jina langu hapa, hata upande wa kukubali, nitakuwa nimesema linapimika."

"Mwalimu, tafadhali." "Ukibaki mstari mtupu watasema sikufika kwako. Weka popote. Hata kwenye 'sikubali,' mimi sitakasirika."

Nikatia saini upande wa kukubali. Akainama, akasema asante, akaenda kugonga 302. Nilifunga mlango nikanawa mikono kwa sabuni, mara mbili.

Halafu nikatoka nikagonga kwa Mama Se-rin. Nisiseme uongo, nilikwenda kutafuta ugomvi.

"Mama Se-rin, wewe unaweza kula chooni?"

"Ebo! Mwalimu, maneno gani hayo? Ndiyo kwanza nimemaliza kula!"

"Wewe huwezi hata kusikia, yeye ale?"

"Yeye si ameshazoea? Kila mtu na mazoea yake. Wewe unaona vibaya, mimi naona kawaida. Nani kasema macho yako yanaona kuliko yangu? Kwa sababu ulikuwa mwalimu?"

"Kabichi zako za kimchi, kila mwaka kuja kwa baridi, nani hukupandishia?"

"Na simpi kimchi? Nampa bakuli zima!"

"Anaila wapi?"

Akaweka mkono kiunoni. "Mwalimu, una kiherehere. Waache watu na maoni yao." Akanifungia mlango.

Mkutano ulikuwa Jumamosi mchana, tena ndani ya chumba chenyewe. Mzee Pyo alikuwa amekipiga deki, amepanga viti, amesukuma ile mashine iliyokufa pembeni. Alikuwa akizunguka na birika la chai baridi, anamimina, anainama, anasogea. Wale waliomwandikia kwamba ananuka walimnyooshea vikombe. Nilikuwa nikiwatazama mikono yao, mikono misafi yenye kucha zilizokatwa vizuri.

Hyeon-u akasoma hesabu. Waliokubali, nane. Wasio na maoni, watatu. Wasiokubali, kumi na tisa.

"Basi jambo limekwisha kwa amani," akasema. "Wengi wape."

Nikasimama. "Halijakwisha. Kumi na tisa wamesema, na kumi na tisa wamekosea."

Minong'ono ikaanza. Mwanamume mmoja wa ghorofa ya tisa, aliyekuwa anauza nyumba yake, akasema, "Mwalimu, kwa heshima zote, wewe ni nani wa kusema tumekosea? Hayo ni maoni yako. Haya ni yetu. Mizani iko wapi?"

"Mizani? Nenda kaketi juu ya choo ule wali, utaiona mizani."

"Jamani, mwalimu!" Wanawake wakaziba midomo. Mama Se-rin akajipepea kwa ile karatasi. Mzee Pyo alikuwa amesimama na birika karibu na mlango, anatikisa kichwa kunisihi, acha, mwalimu, acha.

Hyeon-u akainua mkono kwa upole. Alikuwa akitabasamu. Nataka mjue kwamba alitabasamu kwa mapenzi, hakuwa na kejeli hata chembe, na hilo ndilo baya zaidi.

"Wakaaji wenzangu, msimkasirikie mwalimu. Haya ya kuheshimu maoni mimi nilijifunza kwake. Niwasimulie? Tulikuwa darasa la tano. Mwenzetu mmoja, baba yake alikuwa na banda la nguruwe. Akifungua chakula chake mchana, darasa zima tunaziba pua. Wengine tukataka akale nje. Wengine wakasema abaki. Mwalimu mwingine angetuchapa. Mwalimu Maeng hakutuchapa. Aliitisha mkutano wa darasa. Akaandika ubaoni maoni yote, ya huku na ya huku, kwa herufi za ukubwa mmoja. Akatuambia, 'Katika mkutano huu hakuna maoni mabaya.' Tukapiga kura kwa kuinua mikono, na jambo likaisha bila ugomvi. Mpaka leo nikiongoza mkutano nakumbuka siku ile."

Watu wakapiga makofi. Walinipigia mimi.

Nikasikia sauti yangu ikiuliza, "Kura ilisemaje, Hyeon-u?"

"Aende nje, mwalimu. Tulikuwa wengi."

"Akawa anakula wapi?"

Akafikiri, mdomo umepinda kama alivyokuwa akifanya nikimwita ubaoni. "Kipindi kile mvua zilikuwa nyingi. Nadhani alikuwa anakula kwenye vyoo vya uwanjani."

Sikungoja lifti. Nilipanda kwa ngazi, na kati ya ghorofa ya pili na ya tatu nikatapika, nikiwa nimeshika ukuta. Nikaenda kuchukua ndoo na tambara nikarudi kufuta mwenyewe, maana nisingefuta mimi, mnajua nani angefuta.

Nilitafuta ile picha ya darasa. Watoto hamsini na sita, mimi katikati na nywele nyeusi. Nyuma nilikuwa nimeandika majina kwa safu. Safu ya mwisho, wa mwisho kushoto: Kuk Dong-sik. Mabega ameyakunja asimguse wa jirani, na wa jirani naye amesogea. Nikakumbuka daftari la mikutano ya darasa. Wiki ile niliandika, "Maoni yote yaliheshimiwa," na mwalimu mkuu akaweka muhuri mwekundu akanisifu mbele ya walimu wenzangu.

Nisijitie hamnazo sasa. Sikuhitaji Hyeon-u aniambie alikokula. Siku moja ya mvua nilikwenda vyoo vya uwanjani nikamwona Dong-sik amechuchumaa kwenye kizingiti, chombo chake cha bati kwenye magoti, anatafuna haraka haraka. Akaniona. Akaficha chombo mgongoni. Nikapita. Niliwaza, mkutano umeamua, nami nani niingilie? Mkuki kwa nguruwe. Miaka thelathini na sita nikawa nalala usingizi mzuri.

Jumatatu saa sita na nusu nilifunga wali, kimchi na samaki wa kukaanga kwenye hotipoti, nikachukua ndoo tupu, nikashuka. Nikausukuma mlango wa choo cha mlinzi mpaka mwisho, nikaukwamisha kwa boksi. Nikapindua ndoo nikaikalia.

"Sogeza miguu, Mzee Pyo."

"Mwalimu! Mwalimu, usifanye hivi!" Uso wake ulibadilika rangi. "Mkataba wangu unaisha mwezi wa nane. Watasema nimekuchochea."

"Wewe unakula wanapotaka ule. Mimi je? Kuna karatasi iliyonikataza?"

"Hakuna, lakini..."

"Basi tule."

Tonge la kwanza lilikataa kushuka. Brashi ilikuwa pale, waridi lilikuwa pale, na ile nyingine chini ya waridi. Nikafumba macho nikameza. La pili likashuka na machozi. Mzee Pyo alikaa na bakuli lake bila kulisogeza, kisha njaa ikamshinda akala, ameinamisha kichwa.

Anayengoja lifti kwenye jengo letu hutazamana na mlango ule moja kwa moja. Wa kwanza alikuwa Mama Se-rin, ametoka sokoni na mifuko.

"Mungu wangu! Mwalimu! Chooni? Unatuchefua!"

"Hayo ni maoni yako," nikasema, nikachukua kipande cha samaki.

"Watu wanapita hapa!"

"Wapite. Kila mtu na mazoea yake."

Siku ya pili nilisikia, "Mwalimu amerukwa na akili." Nikajibu hayo nayo ni maoni, yana uzito wake. Siku ya nne wakaanza kupanda kwa ngazi ikifika saa sita na nusu, hata wale wa ghorofa ya kumi na moja, katika joto lile. Wakaja kunisihi wanawake watatu kwa pamoja, wamefunika pua. Nikawaonyesha ndoo nyingine, karibuni, nafasi ipo. Mmoja aligeuka akakimbia, nikamsikia akikohoa kama anayetaka kutapika kwenye maua. Je, nilifurahi? Nilifurahi sana. Tumbo lake lilijua jibu siku zote, mkono wake ndio ulioandika vingine.

Mzee Pyo hakufurahi. Kila siku aliniambia, "Inatosha, mwalimu." Kila siku nikamwambia, "Bado." Nilikuwa nikicheza na kazi yake, najua, na sikumwuliza kama ananiruhusu. Hilo nalo liandikeni.

Siku ya tisa Hyeon-u alikuja mwenyewe, tai imelegea. Alisimama mbali kidogo, anapumua kwa mdomo.

"Mwalimu, unatuaibisha."

"Mimi?"

"Wa ghorofa ya tisa alileta mnunuzi jana asubuhi, wakachelewa, wakashuka saa saba kasoro. Mnunuzi akakuona. Ameuliza hili ni jengo la watu wa namna gani." Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya boksi lililozuia mlango. "Mzee Pyo ale kule chini. Mkataba wake pia tumeshaupitisha, asiwe na wasiwasi. Hakuna haja ya karatasi nyingine. Tumeelewana tu kwa simu."

"Kwa hiyo mmebadili maoni?"

"Hapana, mwalimu." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Maoni ni yale yale. Ila mnunuzi ndiyo hivyo."

Ptuu! Nilitamani kumtemea, na nilitamani kujitemea, kwa sababu mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu nilimlea mimi. Nikachukua ufunguo.

Kesho yake tulikula chumba cha chini. Nilifungua dirisha. Nilileta meza yangu ndogo ya kukunja, mchuzi wa soya ukiwa bado unachemka, ili unuke mpaka ghorofa ya kumi na tano. Mzee Pyo alinyoosha miguu chini ya meza, akaikunja, akainyoosha tena. Hakuwa amezoea. Alisema, "Nitakula kwa furaha, mwalimu," akachota mchuzi, akafumba macho. Nilikuwa sijawahi kumwona akitafuna polepole.

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa shujaa wa jengo zima. Lakini lilikuwa limenikaa kooni, na nilifikiri, nani mwingine wa kumwambia? Nikamsimulia habari za Dong-sik. Banda la nguruwe, mkutano wa darasa, mikono iliyoinuliwa, mvua, vyoo vya uwanjani. Nilimsimulia na jinsi nilivyopita.

Aliweka kijiko chini.

"Mwalimu, na wewe ulipiga kura gani?"

"Mimi sikupiga. Nilikuwa mwalimu. Niliandika tu ubaoni."

"Ungesema abaki, watoto wangekataa?"

"Hapana," nikasema. "Wasingekataa. Neno moja lilitosha."

Nje lifti ilifika, mlango ukafunguka, ukajifunga. Mzee Pyo aliniangalia muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na uso wa kuomba radhi. Kisha akachukua bakuli lake, akageuza kiti, akamaliza wali wake akitazama ukuta. Aliosha bakuli, akafuta meza yangu, akaikunja vizuri akaiegemeza mlangoni.

Nilitaka kumwambia kwamba angalau nimejuta, kwamba nimekula chooni siku tisa. Nikaona namletea karatasi nyingine ya kutia saini. Nikaichukua meza yangu nikapanda nyumbani.

Asubuhi iliyofuata nilirudi kutoka sokoni na mifuko miwili ya matango. Mzee Pyo alikuwa akifagia mlangoni. Aliacha ufagio, akaja, akaipokea mifuko yote miwili mikononi mwangu kama anavyompokea kila mkaaji, akaniitia lifti.

"Habari za asubuhi, 402," alisema.